Kilichonaswa na Wavu

Nitasema mapema ili msomaji asinilaumu baadaye kwamba nilimficha. Kulikuwa na mama mmoja juu milimani aliyekuwa akimtafuta mwanawe mtoni. Hakuwa akimtafuta akiwa hai. Alitaka kitu chake chochote cha kuzika. Kitu hicho kilipotokea hakikumfikia yeye, kilinifikia mimi, nami nikakiharibu kwa mikono hii hii ninayoandikia. Sikukusudia, lakini nimekaa na mafundi vya kutosha kujua kwamba "sikukusudia" haijawahi kurudisha kidole kilichokatwa na grainda.

Kazi yangu ni vyuma. Kibanda changu kiko Huruma, hapa Eldoret, kati ya mtu wa majiko na mtu wa mageti, na kuanzia asubuhi mpaka jioni hatusikilizani ila kwa kupaza sauti. Nyumbani ni Munyaka. Nilianza na vitanda vya shule, nikaenda kwa toroli, nikafika kwa mashine za kukatia majani ya ng'ombe, na kila nilichotengeneza nilikitengeneza kwa kile kilichokuwepo. Hiyo ndiyo sheria yetu sisi mafundi wa jua kali: chuma hakitupwi. Mlango wa gari bovu ni karai, springi ya lori ni panga, na ukiona bolti barabarani unainama kuiokota hata kama umevaa suti ya kwenda kanisani. Mke wangu husema mifuko ya suruali zangu hutoboka kwa sababu mimi ni jaa linalotembea. Huwa nakasirika kwanza, halafu nakubali.

Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyeniingiza katika mambo ya maji. Alitoka kijiji kimoja cha milima ya Cherangany, huko unakofika ukishapita Iten, ukaacha lami, ukaendelea kupanda mpaka masikio yanaziba. Nguzo za stima ziliishia mbali chini yao, na kila wakati wa kura waliambiwa kwamba zitapanda. Alisimama mlangoni mwa kibanda changu akiwa amevaa koti la mvua, mkononi ameshika simu yenye picha ya maji yakiporomoka.

"Fundi, hii maji inaanguka bure tu, mchana na usiku," alisema. "Unaweza kuifanya iwashe taa?"

Mimi sijui kusema siwezi. Ni ugonjwa. Nilimwambia naweza, kisha nikaenda nyumbani kutafuta kwenye simu jinsi inavyofanywa.

Gurudumu nililiunda kwa paipu kuukuu nilizopasua kwa urefu, zikawa kama vijiko virefu vya kupokea maji, nikavipanga kati ya sahani mbili za chuma. Mota niliitoa mjini Turbo, kwenye kinu cha mahindi kilichokuwa kimekufa. Mota ukiizungusha kwa nguvu za maji badala ya kuilisha stima, yenyewe huanza kutoa stima, na mara ya kwanza nilipoliona jambo hilo kibandani kwangu niliruka kama mtoto. Mwalimu naye alirudi kwao akaunda kamati, akawa mwenyekiti. Kijiji kizima kilichimba, kikabeba mawe, kikashusha paipu mlimani kwa kamba huku wazee wakitoa amri zinazopingana.

Maji tuliyachukua kwenye mfereji wa zamani, uliochimbwa na mababu zao kandokando ya jabali, ambao hadi leo familia hupokezana zamu za kunyweshea mashamba. Pale tulipouchepusha tulijenga birika la saruji, na mdomoni mwa birika nikasimamisha wavu wa nondo ili takataka zisiingie kwenye paipu na kuvunja gurudumu. Chini kabisa, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, kulikuwa na nyumba ndogo ya mabati ya kuwekea mashine. Maji yakishapita hapo hurudi mtoni, na mto huenda kuangukia bonde la Kerio.

Taa zilipowaka mara ya kwanza watu waliimba nyimbo za kanisa mpaka sauti zikakauka. Nililia, na sioni haya kusema. Lakini ni wiki hiyo hiyo nilipoanza kutopapenda mahali pale. Nyumba ya mashine ilikuwa na sauti. Si ya gurudumu, hiyo naijua vizuri. Ilikuwa ya maji ndani ya paipu yakishuka. Ukikaa humo peke yako ulisikia kama watu wanaozozana chumba cha pili, na kila ulipotega sikio ushike japo neno moja, walinyamaza. Mara kadhaa nilifungua mlango nikidhani kuna watu nje. Kulikuwa na ukungu tu. Ukungu wa kule haushuki, unapanda kutoka bondeni. Hukushika miguuni kwanza, kisha kiunoni, na ukifika usoni huoni mkono wako mwenyewe.

Yule mama nilimwona siku hizo hizo. Kila kulipokucha alipanda mpaka kwenye birika na reki ya mbao begani, akasafisha wavu. Nilidhani kamati imempa kazi. Alikuwa mrefu, mwenye sweta ya kijani na gambuti za kiume zilizomzidi mguu. Alivuta majani, vijiti, maganda na chupa za plastiki, lakini hakuvitupa. Alivipanga kimoja kimoja juu ya jiwe bapa, kwa mstari, vichuruzike maji: parachichi lililooza, kandambili ya mguu mmoja, kikombe cha shule, pembe ya mbuzi. Halafu alichuchumaa na kukitazama kila kitu kwa zamu yake, bila haraka. Akimaliza alivisukumia vyote kando na kwenda zake.

Watu waliopita njia ile waligeuza uso wakifika kwenye jiwe. Mimi nilimsalimu tu, "Habari ya asubuhi, mama," naye akajibu, "Mzuri, fundi," na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote. Sikuuliza. Nilikuwa nimepewa kiti cha mbele na chai ya maziwa kila nilipopita, nami nikaona kuuliza maswali ni kazi ya wageni wasio na umuhimu.

Kuna jambo moja nililolitambua kabla ya wanakijiji, kwa sababu ya saa ya volti, ya kupimia nguvu za stima, niliyoifunga ukutani mwa nyumba ya mashine. Wavu ukijaa majani, maji hupungua na taa hufifia. Wavu ukisafishwa, mshale wa saa hupanda na taa hung'aa. Kwa hivyo kila asubuhi, karibu saa kumi na mbili na nusu, taa za kijiji kizima zilizidi mwangaza polepole, kama mtu anayevuta pumzi. Ni mambo ya maji na chuma, hakuna zaidi. Lakini akina mama waliokuwa wakikoroga uji walitazama juu kwenye balbu na kusema, "Amefika." Hawakutaja nani. Baada ya siku chache hata mimi, niliyeijua sababu, nilijikuta nikiitazama balbu saa ile huku nywele zikinisimama shingoni.

Sasa niseme nilichokuja kukijua baadaye sana. Kijana wa yule mama, kitinda mimba wake, alikuwa ametoka miaka miwili kabla ya sisi kufika, wakati wa mvua kubwa, kwenda kufunga lango la mfereji ili maji yasizoe mashamba. Ilikuwa zamu ya familia yao. Lango lilikutwa limefungwa vizuri. Yeye hakukutwa. Walimtafuta mto mzima mpaka bondeni, siku baada ya siku, wakarudi na fimbo yake peke yake, na fimbo si kitu cha kuvaa. Mkononi alikuwa na bangili nzito ya shaba iliyokuwa ya marehemu baba yake. Baba huyo alikuwa ameichonga alama kwa tupa, alama moja kila mkewe alipozaa, mtoto akiishi au asiishi.

Wazee wa ukoo walikubali kwamba kikipatikana kitu alichovaa kijana, kizikwe badala yake na msiba uishe, mradi mama mwenyewe akitambue. Mpaka siku hiyo mama alikataa chochote kibadilishwe nyumbani kwake. Koti la kijana lilibaki kwenye msumari lilipotundikwa. Kitanda chake kilitandikwa kila Jumamosi. Na waya wa stima, ambao kila nyumba iliukimbilia, kwake haukuingia. Alisema mwanawe akirudi kuzikwa lazima aikute nyumba kama alivyoiacha.

Haya yote watu waliyajua, isipokuwa mimi. Nadhani hakuna aliyenificha. Kila mmoja alidhani mwingine ameshaniambia.

Nilirudi kule mwanzoni mwa mvua za mwaka uliofuata kuikagua mashine, ambayo sasa iliendesha pia kinu cha mahindi cha kijiji, nikalala kwa mwenyekiti. Asubuhi ya tatu nilikuwa ndani ya nyumba ya mashine na kikombe cha chai mkononi, nikiitazama saa ya volti. Ilipofika saa ile ya mama, mshale ukaanza kupanda. Nikasema moyoni, haya, amefika. Lakini haukusimama pale unaposimama siku zote. Uliendelea kupanda, ukaivuka alama nyekundu niliyoipaka mwenyewe, na gurudumu likaanza kulia kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia. Nilikasirika. Niliona huyu mama leo amefungulia mfereji mzima. Fundi mwenye akili angefunga koki ya maji kwanza. Mimi niliweka kikombe chini nikatoka kwenda kumgombeza.

Nilipanda nikiwa nimetayarisha maneno yangu. Ukungu ulikuwa umejaa na njia ilikuwa tope tupu, kwa sababu usiku ilinyesha. Nilipofika kwenye birika hapakuwa na mtu. Juu ya jiwe bapa hapakuwa na kitu. Nilitazama chini kuzunguka birika lote, na nyayo zilizokuwepo ni zangu peke yangu, zikitoka nilikotoka.

Wavu ulikuwa safi. Siongei juu ya usafi wa reki, ambao huacha majani mawili matatu hapa na pale. Hapakuwa hata na unyuzi wa nyasi, wala ule utelezi wa kijani unaoshika chuma kikikaa majini. Nondo zilikuwa kama siku nilipozichomelea. Kwenye kona ya juu palikuwa na ncha ya nondo niliyosahau kuikata, imechomoza kama kidole. Kwenye ncha hiyo palitundikwa bangili.

"Mama!" niliita. Sauti yangu ilikwenda hatua chache tu ikafa. Niliita tena, na wakati huu niliomba kimoyomoyo asiitike mtu. Niliogopa. Mimi ni mtu wa kelele na mzaha, lakini pale sikuita mara ya tatu.

Mtu wa jua kali akiogopa hufanya nini? Hushika kilicho karibu na mkono. Niliitoa ile bangili, nikaipima kiganjani. Ilikuwa shaba nyekundu, nzito, haikuchanganywa na kitu. Ilikuwa imeshika kutu ya kijani, na ubavuni palikuwa na mikato, mikato mifupi iliyopangwa. Niliiona mikato ile. Nakumbuka kidole changu kikipita juu yake. Nilidhani ni urembo wa mtu, nikaitia mfukoni, nikateremka haraka kuliko nilivyopanda.

Njiani nilikutana na mwenyekiti akija mbio, mzee wa watu, akihema.

"Fundi, stima imepotea! Kinu imesimama na wamama wako na mahindi wamejaa pale!"

"Ni huyu mama wa wavu," nilisema. "Amefungulia maji yote akaenda."

Alisimama. "Mama gani? Mama ako kitandani tangu juzi, ana homa. Bibi yangu amempelekea uji saa hii tu."

"Sasa nani amesafisha wavu?"

Mwenyekiti alitazama juu kule nilikotoka, kwenye ukungu, kisha akanitazama mimi. "Twende tuangalie mashine," alisema, akageuka kuteremka.

Ndani palinuka kuungua. Kipande cha shaba kilichounganisha mota na ubao wa stima kilikuwa kimelegea bolti, na nguvu zilipozidi kikapata moto, kikayeyuka katikati. Kosa langu mara mbili: sikuikaza bolti ile nilivyopaswa, na sikubeba kipande kingine. Shaba ya karibu ilikuwa Eldoret. Kule nje kwenye kinu wanawake walikuwa wamekaa juu ya magunia yao, wengine wametoka mbali na watoto mgongoni, na nilisikia mmoja akiuliza kwa sauti ya kusikika kama huyu fundi wa mjini alikuja kutengeneza ama kuharibu. Mwenyekiti alikwenda kuwatuliza. Nikabaki peke yangu, nikatia mkono mfukoni.

Niliiweka bangili juu ya jiwe nikaifungua kwa nyundo. Iligoma kidogo, kisha ikanyooka. Niliiponda mpaka ikawa bapa, nikatoboa matundu mawili. Shaba ya kupitisha stima lazima uso wake uwe laini, maana pasiposhikana vizuri patapata moto tena, kwa hiyo nikachukua tupa nikaisugua kote. Mikato ile ilikuwa na kina, ilinichosha. Niliisugua mpaka ikaisha na shaba ikang'aa kama mpya. Halafu nikaifunga kwa bolti, nikaikaza safari hii mpaka mshipa wa shingo ukanitoka, nikafungua maji.

Stima ilirudi. Nje wanawake walipiga vigelegele na kinu kikaanza kunguruma. Nilijiegemeza ukutani nikiwa nimefurahi na kazi yangu, na ilichukua muda kabla sijatambua kitu kilichobadilika. Sauti ndani ya paipu ilikuwa imekoma. Maji yalipita, gurudumu lilizunguka, lakini wale watu wa chumba cha pili hawakuwepo tena. Nilisema afadhali.

Kesho yake niliteremka Eldoret. Nikaisimulia ile kazi Huruma, jinsi nilivyookoa kijiji kwa bangili ya kuokota, na wenzangu wakacheka na kunipongeza. Mtu wa mageti alisema huo ndio ufundi.

Niliitwa tena baada ya mavuno, kwa sababu beringi moja ilikuwa inapiga kelele. Niliibadilisha asubuhi, na saa sita nikakaa na mwenyekiti nje kwake tukinywa mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni. Kutoka pale tuliona nyumba zote za mteremko na waya zikienda mlango kwa mlango. Nyumba ya mwisho kule juu, karibu na msitu, haikuwa na waya. Nikamuuliza, kwa mzaha, kama huyo amegombana na kamati.

Ndipo aliponisimulia. Aliniambia yote niliyokwisha kuyaandika hapa, ya mvua na lango, ya fimbo, ya koti kwenye msumari. Alipofika kwenye bangili niliweka kikombe chini.

"Bangili ya nini?"

"Ya shaba. Mzee wake aliikata alama, za watoto."

"Alama ngapi?"

Alinitazama kama mtu aliyesikia tusi. "Hiyo hatuulizi, fundi. Watoto hawahesabiwi. Anajua mama mwenyewe, na mzee aliyekufa."

Sikuhitaji kufafanuliwa. Shosho wetu, yaani nyanya, pale Munyaka, watu wa sensa walipokuja kumuuliza amezaa wangapi, aliingia ndani akajifungia hadi wakaondoka. Mambo ya kutaja idadi ya watoto, hasa pakiwa na waliokufa, ni kukionyesha kifo mahali pa kurudi. Nimelelewa hivyo, wala sijawahi kusema kwa sauti idadi ya wangu.

Nilimwambia mwenyekiti nilichofanya. Nilimwambia kila kitu, hata tupa. Aliyatazama maziwa yaliyokuwa yakitulia kwenye kikombe chake.

"Atakuuliza alama zilikuwa ngapi," alisema mwishowe. "Ndiyo njia yake ya kujua. Ukiulizwa, taja. Taja tu, azike, apumzike."

"Na nikikosea?"

"Omba usikosee."

Nataka niwe mkweli: mchana ule nilifikiria kukaa kimya. Nilifunga mfuko wangu wa vifaa, nikatembea mpaka njia kuu, nikasimama pale. Ningeondoka, nani angejua? Mwenyekiti si mtu wa kusema. Shaba ile ingeendelea kupitisha stima miaka hamsini, na mama angeendelea kupanda na reki yake kila asubuhi mpaka magoti yakatae, akitazama kandambili za watu. Hilo la mwisho ndilo lililonirudisha. Nilimwona akichuchumaa mbele ya parachichi bovu, nikaona aibu ambayo sijaona tena tangu siku ile.

Nilimkuta uani kwake akichambua maharagwe. Nilimwomba ashuke nami mpaka kwenye nyumba ya mashine. Hakuuliza kwa nini. Alivaa zile gambuti, ambazo sasa nilijua ni za nani, akatangulia mbele. Mwenyekiti alitufuata kwa mbali. Ilikuwa yapata saa kumi na mbili jioni na ukungu ulikuwa unapanda, umeshafika kiunoni.

Mlangoni nilivua kofia nikamwambia. Niliongea haraka na vibaya, nikianzia katikati. Hakulia. Alinisikiliza akiitazama mashine, kisha akasema, "Toa nione."

Nilifunga koki. Gurudumu lilizunguka polepole, likapunguza, likasimama. Chini kijijini redio ya mtu ilikatika katikati ya wimbo, na watoto wakapiga kelele ile ya taa zikipotea. Nilifungua bolti mbili, nikakitoa kipande kile, kikiwa bado na joto, nikakipangusa kwa shati langu na kumpa kwa mikono miwili.

Alisogea mlangoni palipokuwa na mwanga kidogo. Alikigeuza upande mmoja, akakigeuza upande wa pili, kisha akaanza kupitisha kidole gumba ubavuni, kutoka mwanzo hadi mwisho, akirudia. Palikuwa laini. Nililainisha mwenyewe.

"Ulipata wapi?"

"Kwa wavu, mama. Kona ya juu. Ilikuwa imetundikwa."

"Siku gani?"

"Ile asubuhi ulikuwa mgonjwa."

"Na wavu, nani alikuwa amesafisha?"

"Sijui, mama. Hakukuwa na mtu."

Kidole chake kilisimama. Alitazama nje kwenye ukungu kwa muda, na mwenyekiti aliyekuwa amesimama pale akasogea pembeni kama mtu anayempisha mwingine apite.

"Ilikuwa na alama?" aliuliza.

"Ilikuwa nazo. Nilizitoa na tupa."

"Zilikuwa ngapi?"

Mimi naitambua nati kwa kuitazama tu, kumi na tatu au kumi na nne, bila kuijaribu spana. Naweza kukuambia paipu ni ya inchi ngapi nikiwa ng'ambo ya barabara. Alama zile nilizishika kwa kidole hiki, nikazisugua moja baada ya nyingine mpaka zikaisha, na nilipotafuta kichwani sikupata kitu. Nilikuwa nimeziona kama uchafu wa kuondolewa. Mwenyekiti alinikazia macho.

"Tano," nilisema.

Uso wake ulibadilika. Sijui ulibadilika kwenda wapi. Nimeufikiria uso ule mara nyingi na mpaka leo sijui kama niliisema sawa. Alishusha pumzi, akakishika kile kipande kwa mikono yote miwili, na kwa muda mdogo nilidhani yamekwisha.

Kisha akanisogelea. "Unakumbuka," alisema taratibu, "ama unakisia?"

Sijawahi kutaka kusema uwongo kama nilivyotaka pale. Uwongo wenyewe ulikuwa mdogo, neno moja, na kaburi lilikuwa linaungoja. Lakini alikuwa ananitazama jinsi alivyokitazama kila kitu juu ya lile jiwe, bila haraka, mpaka akijue ni kitu gani.

"Nakisia, mama."

Aliitikia kwa kichwa. Alikizungusha kile kipande kwenye kifundo cha mkono wake, lakini kilikuwa kigumu na kimenyooka, hakikujikunja. Akanirudishia.

"Siwezi kuzika kitu ya kukisia," alisema. "Irudishe. Watu wako gizani."

Akatoka. Nilikirudisha kipande mahali pake, spana ikiniponyoka mara mbili, nikakaza bolti, nikafungua maji. Nilipofika mlangoni ukungu ulikuwa umemfunika tayari. Taa ziliwaka zote pamoja, mteremko mzima, mpaka kwa jirani yake wa karibu, zikaishia hapo.